Nta Kwenye Ufa wa Jicho

Jumatatu, baada ya kumwashia sigara Don Casiano, fuvu la nyumbani kwake, na kumwekea majani ya koka, Saturnina Mamani aliona kwamba fuvu hilo limeota macho. Yalikuwa ya kahawia, mekundu kidogo kama ya mtu aliyekesha. Akamfuta vumbi utosini, akaendelea kufagia.

Nani alikuwa Don Casiano enzi za uhai wake, hakuna aliyejua. Alitoka makaburini, kama mafuvu yote yanayotunzwa majumbani La Paz, Bolivia, na sifa yake ilikuwa kufichua wezi. Hata polisi wa mtaa huja kumuuliza. Lakini swali la Saturnina hakuwahi kulijibu: nani alimchukua mumewe, Eleuterio, siku ya mgomo wa wachimba migodi, asionekane tena? Na sasa macho yenyewe yalikodolea kabati tu.

Akamwita mpangaji wake, Daktari Hortensia, mwalimu wa mifupa chuoni. Hortensia akamulika tochi.

"Mama, huku nyuma ya jicho kuna kitundu cha mviringo. Mshipa wa kuona unapita humo, na umepita vizuri. Kando yake kuna ufa. Huo ndio njia ya mishipa ya kuzungusha jicho. Sasa umejaa nta."

"Nta ya nini?"

"Ya mishumaa yako. Unambandikia utosini, ulidhani inatiririkia wapi?"

"Na mimi miaka yote namwita mvivu."

Wakaikwangua kwa sindano. Don Casiano akazungusha macho, akaanza na sketi ya Daktari. Saturnina akamzaba kofi la utosini.

Tarehe nane Novemba, sikukuu ya mafuvu, akambeba hadi kanisa la makaburini, amemvisha kofia mpya. Mdhamini wa sherehe, Kapteni mstaafu Urquidi, alikuwa akigawa bia. Macho yakamgeukia. Akienda kushoto, nayo kushoto. Akajificha nyuma ya mpiga tarumbeta, yakamsubiri upande wa pili. Watu wote waliona.

"Mama Saturnina, mzee wako ana macho ya udaku," Kapteni akasema.

"Nilimuuliza swali, Kapteni. Anajibu."

"Jua hili litamuumiza." Kapteni akavua miwani yake myeusi, akamvisha Don Casiano. Polisi waliokuwepo wakapokea bia zao.

Saturnina akaivua ile miwani akaivaa mwenyewe, maana alikuwa analia na hakutaka Kapteni afaidi. Don Casiano akaendelea kutazama. Kapteni naye akaendelea kugawa bia, na mwaka uliofuata wakamchagua tena kuwa mdhamini.