Mkate wa Kiapo Nyumbani kwa Bi Mwanakombo

Mkufu wa bi arusi ulipotea Jumatatu. Jumanne jioni Bwana Kiponda akaja kutuambia kwamba Ijumaa tutalishwa mkate wa kiapo. Alisema kwa upole, kofia mkononi, kama mtu anayekaribisha watu karamu.

"Kama hukuchukua, utakula na mambo yako yataendelea. Kama ulichukua, tumbo litavimba kabla ya Ijumaa ya pili. Basi."

Bwana Kiponda ni ndugu yake Bi Mwanakombo, mwenye nyumba, na mkufu aliununua yeye kwa ajili ya harusi ya mpwa wake. Tusio wa damu katika nyumba ile ya Shela, hapo Malindi, tulikuwa watatu: mimi Kadii, mpishi, Mwambire, aliyetuletea maji kwa mkokoteni, na Nyaboke, muuza nyanya aliyepanga chumba cha uani.

"Mimi ni mtu wa kanisa," Nyaboke alisema.

"Mkate hauulizi dini."

Mwambire alicheka. Mkufu ule sikuugusa, lakini nilijua mkate utaniita mwizi.

Ngano hunivimbisha tumbo. Sikuambiwa na mtu, nimejichunguza mwenyewe. Nilipokuwa darasa la pili kule Kaloleni, kabla hatujahamia Ganda, tulipewa uji wa ngano ya msaada. Wenzangu walinenepa. Mimi nilikonda, tumbo likatangulia mbele kama ngoma, nikawa nakimbilia chooni hadi mwalimu akanihamishia dawati la mlangoni. Nikapewa dawa ya minyoo, na mnyoo haukuonekana. Halafu mwaka ule wa njaa, watu waliponunia mahindi ya manjano, mimi nilikula ugali wake asubuhi na jioni, na ndipo nguo zikaanza kunibana. Tangu hapo nikawa naangalia. Mkate wa mofa ni mtama, sina neno nao. Vitumbua na mkate wa kumimina ni mchele, havinidhuru. Chapati, kesho yake siwezi kusimama. Mahamri, tambi, sambusa, ni hivyo hivyo. Hata ugali, ukisongwa kwa mwiko uliotoka kwenye unga wa ngano, tumbo litajua tu.

Zahanati nilimweleza nesi. Akaniuliza, "Wewe ni mgonjwa gani unayekimbia mkate? Mgonjwa ndiye anayepelekewa mkate." Na kweli, nilipokuwa nimelazwa, kila aliyekuja kunitazama alikuja na mkate na sukari, akakaa kitandani hadi nimalize kipande mbele ya macho yake. Walinipenda sana. Nusura nife.

Basi jioni ile nilimfuata Nyaboke uani, akichambua nyanya zilizobondeka, nikamweleza yote.

"Toroka," akasema.

"Nikitoroka si nimekiri?"

"Basi sema uko na mimba. Mwenye mimba hawamlishi hiyo kitu."

"Na Jefwa nimwambie mimba ni ya nani?"

"Mwambie ni ya mkate." Alicheka mpaka nyanya ikamponyoka. Kisha akaniangalia vizuri. "Kadii, niambie ukweli. Ulichukua?"

Swali lile liliniuma kuliko vitisho vya Bwana Kiponda.

"Sikuchukua."

"Sawa. Lakini hii habari usimwambie mtu mwingine. Mtu akisikia unaogopa mkate kabla haujapikwa, kesi imekwisha."

Sikulala vizuri. Nilimfikiria Jefwa, ambaye wazee wake walikuwa wameshafika kwetu Ganda kuzungumza mahari. Nani atoe mahari kwa mwizi? Nikawafikiria pia vijana wa pale sokoni, na jinsi nilivyowaona wakimfanya mtu aliyesemekana ameiba baiskeli. Yule hakupelekwa kituoni kwa miguu yake.

Mkate wa kiapo hupikwa na nyumba iliyoibiwa, kazi ya Mwalimu wa chuoni, msomaji wa viapo, ni kuusomea tu. Kwa hiyo Jumatano asubuhi nilimwendea Bi Mwanakombo jikoni. Alikuwa anakanda, na sinia la mahamri yaliyotoka mafutani liko pembeni yake.

"Bi Mwanakombo, nina ombi."

"Sema, mwanangu."

"Mkate wa Ijumaa, wangu naomba uwe wa mchele."

Mikono yake ikasimama ndani ya unga. "Kuchagua kwa nini?"

"Mimi na ngano hatupatani."

"Kadii, tangu uingie nyumba hii unakataa mahamri yangu. Nikasema mtoto wa watu ana madeko, nikanyamaza. Leo dhahabu imepotea ndipo unaniambia ni maradhi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nikanyoosha mkono, nikachukua hamri.

"Hili halikusomewa kitu," nikasema. "Nitazame hadi kesho."

"We mwana, la moto hilo."

Nikala. Nikachukua la pili. Lilinukia iliki na tui, na nilikuwa nimesahau utamu wake. Nilitafuna machozi yakinitoka, naye ananitazama tu, mikono myeupe kwa unga.

Jioni tumbo likaanza kunguruma, na kesho yake nilikuwa mtu wa kutambaa kati ya stoo nilikolala na choo. Mwili ulitetemeka, midomo ilikauka. Bi Mwanakombo alinishika bega kunirudisha mkekani. Alinifulia kanga mwenyewe. Akaweka kiganja juu ya tumbo langu, lililokaza kama limetiwa upepo.

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la pili."

"Na Idi nikakulazimisha kula tambi." Akatoka. Mkate ataupika kwa unga gani hakuniambia, na mimi niliogopa kuuliza.

Hapo ndipo nikaona upumbavu wangu. Tumbo langu likishavimba halishuki kwa usiku mmoja. Mwalimu akija kesho atalikuta bado liko juu. Alama ya mwizi nilikuwa nimejipaka mwenyewe.

Ijumaa baada ya swala Mwalimu alikaa ukumbini, mtu mwembamba mwenye kikohozi, Bwana Kiponda kando yake, na wanawake wa nyumba nyuma ya pazia. Mikate mitatu midogo ilikuwa juu ya sahani, imefunikwa. Mwambire aliumeza wake upesi, akauliza kama kuna chai. Nyaboke alifanya ishara ya msalaba kwanza, kisha akatafuna akimkazia macho Bwana Kiponda.

"Shikamoo Mwalimu," nikasema, zamu yangu ilipofika.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilipopiga hatua, Bwana Kiponda akanyoosha kidole. "Mwalimu, hebu mtazame huyu. Hata hajala, tumbo limeshatangulia."

Mwambire, aliyekuwa karibu yangu, akasogea. Nikasikia mlangoni watu wakinong'ona. Miguu ilitaka kukimbia, nikaishikilia pale pale.

"Limetangulia kwa mahamri yangu," sauti ya Bi Mwanakombo ikatoka nyuma ya pazia.

"Dada, tuachie sisi wanaume."

"Mkufu ni wa mwanangu na mkate nimeupika mimi. Nitasema. Juzi alikula mahamri mawili mbele ya macho yangu. Sikuyasomea kitu. Nimemuuguza kwa mikono yangu. Kama tumbo hilo ni ushahidi, basi mwizi ni hamri."

"Nani aliwahi kusikia ngano imemdhuru mtu?"

"Mimi nimeiona."

Mwalimu akafunua sahani, akaubonyeza mkate wangu. "Huu ni unga gani?"

"Mchele. Yote mitatu. Nimeutwanga mwenyewe kinuni, na kinu nimekisugua kwa majivu."

"Basi ipikwe upya," alisema Bwana Kiponda. "Mwizi hachaguliwi unga."

"Wawili wameshakula, na niliyoyasoma nimeyasoma," Mwalimu akasema, na kikohozi kikamkatiza. "Sirudii kwa ajili ya unga. Lakini huyu kwa vile tumbo lake limeshapanda, tutatazama kushuka. Ijumaa ijayo likiwa bado liko hivi, nitasema kiapo kimemshika."

"Na mimi nitampeleka kituoni," alisema Bwana Kiponda, "kama watu hawatamfikia kwanza."

Niliuweka mkate mdomoni. Ulisambaratika kama mchanga, nikadhani nitapaliwa, na kupaliwa nako ni kushikwa na kiapo. Nikaumeza.

Wiki ile sitaki kuikumbuka. Nyumba ilikuwa ya harusi, na wanawake wa mtaa walikuja kuchekecha unga wa ngano na kukaanga visheti, vumbi lake likatanda hadi kwenye vikombe. Bi Mwanakombo alinihamishia chumbani kwa Nyaboke, akanipikia kwa chungu kipya, wali mweupe na mchuzi wa samaki, na kabla ya kunipa akaonja. Watoto walichungulia mlangoni kuona tumbo. Kila alfajiri nilijifunga kamba ile ile kiunoni na kuangalia inafika wapi, nikishindwa kujua kama ni tumbo linalopungua au ni mimi ninayevuta pumzi ndani.

Ijumaa Bwana Kiponda alikuja na Mwalimu. Nikasimama uani, kanga nimeibana.

"Ageuke," akasema Bwana Kiponda.

Nikageuka. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, akaanza kutafuta viatu vyake.

"Limeshuka," alisema Bwana Kiponda, kama mtu aliyedhulumiwa. "Basi ni nani?"

Mwambire alikuwa ndiyo kwanza anaingia na maji. Alikuwa amekonda wiki ile, nami kwa hofu zangu sikuwa nimemwona. Bwana Kiponda akageuza uso taratibu hadi kwake. Mwambire akatua debe chini. Mkono wake wa kulia ulipanda, ukashika tumbo, kama mtu anayepima kama kiapo kimemshika.