Dume la Tuala

Watu wa Tuala, mtaani kwangu, walisema Kaluki anakuja kwangu kuoga. Walisema kweli. Kila Jumanne na Ijumaa huyu mke wa mtu alitoka Kitengela, akaingia kwa geti langu saa nne asubuhi nywele zikiwa kavu, akaondoka saa sita zikiwa zimelowa. Mimi ni mwanamume niliyefiwa na mke, natengeneza redio, naishi peke yangu. Jumlisha mwenyewe. Wao walijumlisha.

Alipoulizwa, alijibu kwamba maji ya Kitengela iko na chumvi, inamharibia nywele. Hilo pia ni kweli. Lakini jambo lenyewe lilikuwa limesimama ndani ya bafu yangu ya mabati, kwenye debe la rangi: dume la bangi, moja tu, linalofika kifua cha mtu.

Kaluki alifanya kazi miaka kumi na moja kwa nyumba za plastiki za maua, huko mbele ya Kitengela, akiokota majani makavu. Hapo ndipo alimwona mtaalamu wao akitembea na kaburashi, akitoa unga wa ua hili na kupaka lile. Aliomba aonyeshwe. Msimamizi akamwambia ashike ufagio wake. Akashika ufagio, akaangalia, miaka kumi na moja. Siku walipompunguza kazini walimpekua mfuko getini. Kichwa hawakupekua.

Alitaka mmea mfupi, unaovumilia ule udongo mweusi na yale maji ya chumvi. "Siku sheria ya bangi itafunguka," aliniambia, "hawa watu wa kampuni wataleta mbegu na ndege, imeandikwa jina ya mtu juu. Mimi nataka yetu iwe tayari."

Nilimpa bafu siku hiyo hiyo. Babu yangu aling'olewa miche kumi na saba ya kahawa wakati kahawa ilikuwa ya mzungu peke yake, akalala ndani wiki mbili. Waliong'oa ndio leo wanatuambia kahawa ni fahari ya nchi. Mimi sisahau vitu kama hivyo. Nikisahau nitakuwa nimewasaidia.

Majike yake nane yalikuwa Kitengela, stoo nyuma ya jikoni. Alitaka unga wa dume hili ufike kwa tawi moja, la jike moja. Yale mengine saba yalikuwa yanangojea madume mengine, msimu mwingine. Unga huo ni mwepesi kuliko vumbi. Hupanda upepo, hukaa kwa nywele, kwa mkono wa sweta. Ukiingia stoo nao, majike yote yanashika mbegu, na kazi ya miaka mitatu inakuwa mchanganyiko tu. Ndiyo sababu dume lilihamishiwa Tuala. Ndiyo sababu Kaluki alivaa ovaroli yangu na kofia ya nailoni, akafunga mlango, akafanya kazi yake, kisha akajimwagia maji kutoka utosini, maana maji huua huo unga. Hajawahi kuruka siku moja, hata kabla maua ya dume hayajafunguka. Nimeona mafundi wenye vyeti wakishindwa kunawa mikono.

Masila, mumewe, dereva wa lori na mzee wa kanisa, alijua kuhusu stoo. Alipiga kelele mwaka mzima, kisha akachoka. Kuhusu dume hakuambiwa.

Alhamisi moja akamsikia mkewe akiongea nami kwa simu: "Ndung'u, huyo dume amefunguka? Basi kesho nakuja mapema. Baba Roy nitamwambia naenda Kiserian."

Ijumaa nikiwa na redio ya mtu mapajani, geti likapigwa teke. Masila, ndani ya koti nyeusi ya kanisa.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Dume! Nimesikia na maskio yangu. Ndung'u, mtu na akili zako, kila wiki unaandikia gazeti barua juu ya haki, kumbe haki yenyewe ni hii?"

Kabla sijainuka alikuwa amefika bafuni. Mlango wa mabati ukalia.

"Masila, funga! Upepo!" Kaluki alipiga kelele.

"Nifunge? Nikuache naye?" Aliona kitu kirefu kimefunikwa gazeti kwa kona. Akakikumbatia, akakitikisa kama mtu anayemtoa mwizi kichakani. Gazeti likapasuka. Unga wa njano ukamshukia mabegani, kwa ndevu, kwa kola.

Akasimama.

"Hii ni nini?"

"Ndiye dume," akasema Kaluki.

"Hii mti?"

"Hii mti."

Nilicheka. Lilikuwa kosa. Uso wake ukabadilika, akageukia geti. "Mnanicheka. Leo naenda kung'oa zote. Hata moja haitabaki kwa hiyo stoo."

Kaluki alimpita mbio, akasimama getini na ovaroli inayoburuta chini. Nilidhani atapiga magoti. Hakupiga.

"Ng'oa," akasema. "Lakini oga kwanza."

"Unaniambia nini?"

"Ukiingia na hiyo koti hutahitaji hata kung'oa. Ukitaka kuniulia kazi, Baba Roy, ua na mkono, ukiwa unajua unaua nini. Usiue na koti."

Masila alijitazama mabega. Aliinua mkono ajipanguse.

"Usipanguse!" tulisema wote wawili.

Mkono ukabaki hewani. "Kwa nini hukuniambia?" Sasa sauti ilikuwa ya chini.

"Polisi wakikuuliza dume iko wapi, ungesema nini?"

"Ningesema sijui."

"Na ungekuwa unajua?"

Akafikiria. "Ningesema."

"Basi. Wewe hujui kudanganya. Hata bei ya ile TV ulishindwa kunidanganya."

Aliteremsha mkono polepole, mbali na koti. Ndipo akaniuliza, bila kuniangalia, kama niko na maji. Nilimwekea ndoo mbili uani, maana bafuni hakungefaa tena, na Kaluki akamshikia leso iwe pazia. Alimwagilia mumewe kichwa mwenyewe, nyuma ya maskio, ndani ya ndevu, polepole, kama anaosha mtoto, kisha naye akajimwagia. Koti tuliifunga kwa mfuko wa nailoni niliouficha tangu siku zile serikali ilipiga nailoni marufuku.

Nilimpa suruali yangu. Mimi ni mfupi. Ilimwishia katikati ya goti na kifundo.

Walipotoka, Kakenya, mama wa maziwa, alikuwa getini na mitungi yake. Alimtazama Masila, nywele zikidondoka maji, vifundo vya miguu nje. Akamtazama Kaluki, naye pia amelowa.

"Sopa, Baba Roy! Na wewe umeanza kuoga hapa?"

"Ipa," Masila aliitikia salamu hiyo ya Kimaasai. Akakohoa. Kaluki alikuwa anaangalia chini, amebana midomo.

"Maji ya Kitengela," akasema Masila, "iko na chumvi."

Hakung'oa. Unga uliobaki kwa vipande vya gazeti ulitosha tawi moja. Baada ya wiki sita Kaluki aliniletea mbegu kwa kikopo cha mafuta ya kujipaka, zote za tawi moja. Majike saba hayakuwa na hata punje. Nilizipanga kwa kiganja, zenye madoa kama yai la kware, nikatamani kumwonyesha babu yangu wa kahawa.

Koti bado iko kwangu. Hasira ya Masila haijaisha kiasi cha kuja kuichukua.