Kiti Kilichosogezwa Mbele

Siku Breki alipoleta gari dogo nyumbani, madereva wenzake wawili walikuja kulitazama, na mmoja wao akamcheka waziwazi. "Mwezi mzima uko juu ya lori. Gari la nini? Unamnunulia nani?"

Breki hakukasirika. Jina hilo walimpa wao wenyewe, kwa jinsi alivyokuwa akiteremka milima na kontena mgongoni, taratibu, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Akapitisha kitambaa juu ya boneti. "Nataka nikirudi nyumbani nikalie kiti ambacho si cha tajiri mwenye lori," alisema. "Basi."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alikuwa akishona sare za shule katika chumba cha mbele, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Maneno ya mumewe yalimwingia vizuri. Alidhani kwenye kile kiti na yeye ana sehemu yake.

Asubuhi ya kuondoka, Breki alimkabidhi ufunguo kwa masharti. "Kila Jumamosi liwashe lingurume kidogo, betri isife. Halafu zima, funika turubai. Gia usiguse."

Ikawa hivyo. Jumamosi, Fundi huacha cherehani, hufunua turubai, huketi. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa kwa ajili ya miguu mirefu ya mwenyewe, kwa hiyo nyayo zake hazikufika kwenye pedeli. Hukaa pale akisikiliza injini inayokwenda bila kwenda popote, kisha huizima na kurudi kwenye vifungo vyake.

Mama mkwe ndiye aliyechoka wa kwanza. Aliishi nao chumba cha nyuma, ana sukari, na kwenye mguu wa kushoto alikuwa na kidonda kisichotaka kufunga. Zahanati ilikuwa juu ya kilima. Walikuwa wakipanda pikipiki, Fundi amembana kwa nyuma asidondoke, hadi siku moja bomba la moshi lilipomchoma kwenye mguu ule mzima. Bibi hakulia. Alifika nyumbani, akaketi kwenye kibaraza, akalikazia macho turubai.

"Gari la mwanangu linalala limefunikwa kama mgonjwa," alisema, "na mgonjwa mwenyewe anachomwa na pikipiki. Mkamwana, nenda ukajifunze."

"Mama, alisema nisiguse."

"Alisema kwa kuwa hujui. Ukijua atasema nini? Mimi ndiye niliyemzaa. Nitazungumza naye mwenyewe."

Fundi akaenda. Alilipa kwa pesa za cherehani yake, akajifunza asubuhi kabla wateja hawajaanza kubisha hodi. Mwalimu alikuwa mzee mkali mwenye kikohozi, asiyejua kusifia. Siku alipofaulu alimwambia tu, "Punguza kushika usukani kama unaukaba." Fundi alirudi na leseni ndani ya sidiria, akamwonyesha mama mkwe, na wale wanawake wawili wakacheka mpaka bibi akaomba maji.

Akakisogeza kiti mbele. Akashusha kile kioo cha kutazamia nyuma hadi kikamfika usawa wa macho. Wakapanda kilima.

Ilikuwa miezi mizuri. Bibi aliketi mbele, mguu juu ya mto, akiamrisha kama kondakta. "Mpigie honi huyo! Mbona anatembea kama barabara ni ya baba yake?" Wakitoka zahanati alitaka wapitie mbele ya nyumba ya shoga yake wa zamani, na shoga asipokuwa nje, alitaka wazunguke wapite tena. Kidonda kilianza kukauka kingo. Muuguzi alisema wakiendelea kuhudhuria bila kukosa, kitafunga. Breki akipiga simu kutoka huko alikokuwa, Fundi humpa mama mkwe ishara ya macho: sasa, mwambie. Bibi naye hutikisa kichwa: akirudi, uso kwa uso ni bora.

Breki akarudi kabla ya siku yake. Mzigo ulikuwa umezuiwa mpakani, tajiri akamwita. Aliingia mchana wa jua kali, akamsalimia mama yake, akamsalimia mkewe, akachukua ufunguo, akaenda moja kwa moja kufunua turubai. Walimsikia akifungua mlango wa gari. Mtu ambaye kazi yake ni kukaa kwenye kiti anajua pale kiti kilipoguswa. Alijaribu kuingia, magoti yakagonga usukani.

Akarudi sebuleni na ufunguo mkononi. "Nani anaendesha gari langu?"

Fundi akasimama. Akamtazama mama mkwe na kungoja. Bibi alikuwa akinyoosha kitenge juu ya magoti, mkunjo mmoja baada ya mwingine.

"Mama?" alisema Fundi.

"Mimi nilidhani mmekubaliana," bibi akasema bila kuinua uso. "Mtu mzee kama mimi nitajulia wapi mambo ya magari? Nikiambiwa panda, napanda."

Fundi akaingia chumbani. Akaleta leseni, akaiweka mezani. Akaeleza kuhusu kilima, pikipiki, bomba, kidonda. Breki alisikiliza, lakini swali lake lilikuwa jingine.

"Nani alikufundisha? Nani alikuwa anakaa kiti cha pili?"

"Mzee mmoja mwenye kikohozi."

"Mwanamke akishajua barabara hashikiki. Usinifundishe mimi. Mimi nawaona huko njiani."

"Unawaona ukiwa wapi?" Fundi akauliza. "Unapita tu, au unashuka?"

Breki akatia ufunguo mfukoni. Hakumpiga, hakuwa mtu wa mkono. Alitoka nje, na hadi jioni alikuwa akizungumza kwenye simu na dalali.

Gari liliondoka kabla wiki haijaisha. Jumapili ile wale madereva wawili walikuja kula, na Breki akawaeleza huku akichambua mfupa. "Nimewaza, nikaona mlisema kweli. Dereva wa masafa hahitaji gari. Linakaa tu, matairi yanakufa, bima inakula. Nimeona niachane nalo mapema."

"Sasa umeamka, ndugu yangu," alisema yule aliyemcheka mwanzo. "Hata mimi shemeji yangu hapa nilikuwa namwonea huruma, kila Jumamosi kazi ya kuwasha. Au siyo, shemeji?"

"Karibuni maji," alisema Fundi, akawanawisha mikono mmoja mmoja. Mama mkwe alikula taratibu, akaitikia kila alichosema mwanawe.

Breki aliporudi safarini, walirudi kwenye pikipiki. Siku moja, wakiwa kwenye benchi la zahanati wakisubiri kuitwa, bibi alisema bila kuulizwa, "Ningesema nini, mwanangu? Wewe una cherehani. Mimi nina yeye tu. Akinikasirikia, naenda wapi?"

Fundi alielewa, na hilo ndilo lililomuuma. Angeweza kumchukia mtu mbaya. Huyu alikuwa mtu aliyeogopa.

Mvua zikaja, kilima kikawa tope, wenye pikipiki wakakataa kupanda. Wenye teksi nao hawakutaka kuchafua magari yao, wakawa wanageuzia chini, kwenye lami. Wakakosa wiki, wakakosa nyingine. Fundi aliosha kidonda kwa maji ya chumvi na kukifunga, lakini usaha ulirudi, kisha harufu. Walipofika hospitali kubwa, ile ya chini, daktari hakuwa na maneno mengi. Vidole viwili vya mguu vikakatwa.

Breki alipopata habari, alipiga simu jioni ile ile. Nyuma yake lori lilikuwa likinguruma. "Hivi mlikuwa mnangoja nini?" akafoka. "Kwa nini hamkuita teksi? Si mngeniambia?"

Fundi alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, beseni la maji mbele yake. Alimpa mama mkwe simu.

Bibi aliishika kwa mikono miwili, akaiweka sikioni. "Mapenzi ya Mungu, mwanangu," alisema kwa sauti tamu. "Usijisumbue. Mkeo ananiangalia vizuri. Wewe endesha polepole."

Fundi akainua beseni, akatoka nje kumwaga maji.