Mwombaji Hana Vidole

Shuka la mwisho lilikuwa na doa la wino, na wino hauondoki kwa sabuni peke yake. Dobi akamimina dawa ya kung'arishia moja kwa moja juu ya doa, akalifikicha kwa vidole vitupu mpaka ile harufu kali ikamchonyota macho. Glavu za mpira zilikuwa zimetoboka tangu masika yaliyopita. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa ameahidi kununua nyingine, kwa sauti ile ile aliyoahidia kuziba paa la chumba cha kufulia.

"Mwanachuo!" mpishi aliita kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Bado upo? Si leo ndiyo harusi yako na serikali?"

"Nakamua hili moja, naondoka."

"Ungeomba ruhusa ya siku nzima, dada yangu. Bibi harusi gani huyu ananuka dawa ya choo?"

"Hapa ukiomba ruhusa ya siku nzima unapewa ya maisha."

Mpishi alicheka hadi akashika mlango. Yeye ndiye aliyempa dobi jina hilo la Mwanachuo, siku alipomkuta nyuma ya tangi la maji akisoma maandishi ya mfuko wa sabuni kwa sauti, neno baada ya neno, kidole kikitangulia. Dobi alikuwa amejiunga na kisomo cha watu wazima, jioni, akitoka kazini na mgongo ukimuuma. Wenzake darasani walitaka kusoma ujumbe wa simu na vibao vya barabarani. Yeye alitaka kuandika jina lake. Maisha yake yote alikuwa akipiga dole gumba, na kila mara aliyekuwa upande wa pili wa meza alimpa kitambaa cha kufutia wino bila kumtazama usoni.

Alitundika shuka, akabadilisha gauni, akatoka kwa mlango wa nyuma. Binti yake alikuwa akimsubiri chini ya ukuta, amebeba bahasha ya vyeti kifuani kama mtu abebavyo mtoto mchanga.

"Mama, umechelewa! Na mikono hujaipaka hata mafuta."

"Wanakwenda kuniuliza maswali au kunioa?"

Walikwenda kwa miguu, hatua za haraka, na binti akaanza kumhoji kama walivyofanya kila jioni.

"Ulikuja nchi hii lini?"

"Nililetwa nikiwa mgongoni mwa mama yangu, kabla sijajua kutembea."

"Umewahi kushitakiwa?"

"Sijawahi."

"Kwa nini unataka uraia?"

"Kwa sababu naipenda nchi hii na nitazitii sheria zake."

"Mama, unajibu kama mtu anayesoma ubaoni. Ongea kama unavyoongea."

"Nikiongea ninavyoongea, wewe unaniambia hawatanielewa. Nikijibu kama darasani, hupendi. Sasa nishike lipi?"

Binti alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Wote wawili walijua kilichokuwa mbele yao. Mama yake dobi alikuwa amevuka mpaka wakati wa vita bila karatasi yoyote, akafa vivyo hivyo, akamwachia mwanawe urithi wa kutokuwa popote. Binti alizaliwa hapa, akasoma hapa, na lugha nyingine hakuijua. Lakini sheria ilisema mtoto humfuata mama, ilimradi hajatimiza miaka kumi na minane. Angeitimiza mwishoni mwa mwezi ujao. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimemkubali kwa sharti moja tu, alete uthibitisho wa uraia. Mama akiandikwa leo, binti anaandikwa pamoja naye. Mama asipoandikwa leo, zamu nyingine ya usaili ingekuja mwakani, na binti angelazimika kuanza peke yake, kutoka mwanzo wa foleni ambayo mama yake alikuwa amezeekea ndani yake.

"Na saini," binti alisema walipoliona lango. "Ule mkia wa herufi ya mwisho uupandishe. Usiuache unaning'inia."

"Huo ndio ninaoupenda kuliko yote," dobi alisema.

Mlinzi wa lango alikuwa amekaa kwenye stuli, kitabu cha wageni gotini. "Jina?"

Dobi alinyoosha mkono kuelekea kalamu. "Naweza kuandika mwenyewe."

"Mama, tazama watu walio nyuma yako. Wewe taja tu, mimi nitaandika." Aliandika. "Huyu binti abaki nje. Wanaingia waombaji tu."

Ndani kulikuwa na mabenchi ya mbao na watu waliovaa nguo zao nzuri kuliko zote, wakiwa kimya kama wagonjwa. Ukutani palibandikwa tangazo. Dobi alilisoma polepole, midomo ikicheza: *Mwombaji atakayetoa maelezo ya uongo atafutiwa uraia wakati wowote.* Kwanza alifurahi kwamba alikuwa amelimaliza bila kurudia neno hata moja. Maana yake ilimfikia baadaye.

Jua lilikuwa limeshasogea hadi miguuni mwa benchi alipoitwa. Ofisa alikuwa kijana wa miwani, mwenye sauti ya upole na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Kikombe cha chai mezani kilikuwa kimefunikwa kwa sahani, na chai yenyewe ilikuwa imepoa zamani.

"Karibu, mama. Pole kwa kusubiri. Kabla hujakaa, inua mkono wako wa kulia."

Aliuinua. Aliapa kusema ukweli mtupu, kiganja kikiwa wazi mbele ya uso wa serikali.

Kisha maswali yakaanza, na yalikuwa yale yale ya njiani. Alizaliwa wapi, alikuja na nani, amekaa mitaa gani, jirani zake ni akina nani, anafanya kazi gani, anapata kodi ya nyumba kwa njia gani. Ofisa alimpa kipande cha gazeti akisome. Alikisoma. Akamwambia aandike sentensi kuhusu familia yake. Aliandika kwamba anaye binti mmoja na kwamba binti huyo anataka kuwatunza wagonjwa. Ofisa aliisoma, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Umejiandaa, mama. Wengi hukwama hapa. La mwisho: kwa nini unataka uraia?"

Jibu la darasani lilikuwa tayari mdomoni, lakini lililotoka ni jingine. "Mama yangu alipokufa, walikosa kitabu cha kumwandika. Karani aliniambia, huyu hatukuwa naye, sasa tutasemaje kwamba ametutoka? Sitaki binti yangu aje aambiwe maneno hayo siku yangu ikifika."

Ofisa aliandika jambo, akageuza kompyuta upande wake. "Basi. Imebaki kuchukua alama za vidole, halafu unasaini, halafu umemaliza. Weka vidole vinne hapa."

Dobi aliviweka juu ya kioo chenye mwanga wa kijani. Mashine ikalia mlio mfupi wa kukataa.

"Vifute kidogo." Alivifuta kwa kanga. Mashine ikalia tena. "Bonyeza zaidi." Alibonyeza mpaka kucha zikawa nyeupe. "Visugue kwenye paji la uso, vipate mafuta." Alivisugua, paji la uso likanuka dawa ya kung'arishia, na mashine ikakataa. Mkono wa kushoto ukakataa. Dole gumba, ambalo miaka yote lilikuwa ndilo jina lake, nalo likakataa.

Ofisa alimwita fundi. Fundi alikuja na kitambaa, akafuta kioo, akaweka kidole chake mwenyewe, na mashine ikakipokea kwa mlio wa furaha. Kisha akaushika mkono wa dobi, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa kama sabuni iliyotumika.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Nafua."

"Ndiyo maana. Hawa ndivyo walivyo, mkuu. Madobi, wapasua kokoto, wachanganya saruji. Mistari imekwisha. Mashine inadhani haijawekewa kitu." Akamgeukia dobi kwa wema. "Pumzisha mikono tu, mama. Usiguse sabuni miezi miwili, mitatu, mistari itarudi."

"Na hiyo miezi mitatu nitakula nini, baba?"

Fundi aliitazama mashine kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. Akachukua kitambaa chake, akaondoka.

Nje ya mlango, wale waliokuwa kwenye benchi walianza kunong'ona. Ofisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama, nisikilize. Nikikuandikia urudi, utarudi mwakani. Hapa kwenye kompyuta kuna sehemu mbili tu za kuchagua. Moja inasema alama zimechukuliwa. Ya pili inasema mwombaji hana vidole. Nikichagua ya pili, faili linapita leo hii."

"Ya tatu hakuna?"

"Ya tatu ingesema nini?"

"Kwamba vidole ninavyo, ila vimechoka."

"Hiyo hakuna."

Dobi aliitazama mikono yake pale mezani, karibu na kikombe. Ilikuwa imetulia, kila kidole mahali pake.

"Mwanangu," alisema, na neno 'mheshimiwa' alilofundishwa likapotea lenyewe, "nimeapa mbele yako sasa hivi. Nimeapa kwa mkono huu."

"Najua."

"Na pale nje mmebandika kwamba mwongo anafutiwa wakati wowote."

"Nani atakuja kukuhesabu vidole, mama?"

"Yeyote atakayetaka kunifukuza."

Ofisa aliangalia kikombe chake, na dobi akaelewa kwamba ndivyo ilivyo. Wangempa uraia wenye mlango wa nyuma uliofunguliwa kidogo, na siku yoyote, mtu yeyote mwenye ufunguo angeweza kumsukuma atoke kupitia hapo. Angeishi akiificha mikono yake mbele ya kila ofisa.

"Na mtoto? Siku hiyo ikija, atafutwa pamoja nami?"

"Mtoto akishaandikwa, anasimama peke yake. Hilo nakuhakikishia. Limo kwenye sheria."

Dobi aliifikiria ile bahasha kifuani pa binti yake.

"Basi andika," alisema. "Andika hana."

Ofisa alibonyeza. Mara hii kompyuta haikulia kabisa. Ilikubali kimya kimya. Kichapishi kikatoa karatasi yenye joto, na chini ya karatasi palikuwa na mstari wa saini. Dobi alivuta kiti mbele. Alishika kalamu kama alivyofundishwa, akaweka kiganja cha kushoto juu ya karatasi isiteleze.

"Subiri, mama." Ofisa aliivuta karatasi taratibu kutoka chini ya kiganja. "Mtu asiye na vidole hasaini. Wakaguzi wa juu wakiona saini hapa, faili lote litarudishwa; hata ile sentensi yako naitoa. Anasaini shahidi kwa niaba yako."

"Saini yangu ni nzuri," dobi alisema, na papo hapo akaona haya kwa kulisema hilo.

"Sina shaka, mama. Pole."

Aliyeitwa kuwa shahidi ni mlinzi wa lango, kwa sababu ndiye aliyepatikana. Aliingia akiwa amevua kofia, akasomewa kwamba anathibitisha kuwa mwombaji huyu hana vidole vya mkono wowote. Alimtazama dobi. Dobi alikuwa ameifunga mikono yake ndani ya kanga, kama aliyeshikwa na baridi. Mlinzi akainama, akachora mkwaruzo mmoja wa haraka, mkwaruzo ambao hata mwalimu wa kisomo asingeweza kuusoma, akaondoka.

"Hongera, mama," ofisa alisema, akasimama kumpa mkono. Kisha mkono wake ukasita katikati ya meza, ukarudi kwenye kikombe.

Langoni jua lilikuwa kali. Binti alikuwa ng'ambo ya uzio, ameshika vyuma kwa mikono miwili, anajaribu kuusoma uso wa mama yake kutoka mbali. Mlinzi alikuwa amerudi kwenye stuli yake. Alifungua kitabu cha wageni, akatafuta mstari wa asubuhi, akaweka kalamu tayari kwenye sehemu ya kutokea. Halafu akasimamisha mkono.

Alitazama nyuma kuelekea madirisha ya ofisi. Akakigeuza kitabu, akamsogezea dobi pamoja na kalamu.

"Andika mwenyewe, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Hiki hakiendi juu. Kikijaa tunawashia moto wa chai."

Dobi aliitoa mikono ndani ya kanga. Foleni ilikuwa imejikunja hadi barabarani, na mtu mmoja nyuma akaanza kulalamika, mbona anatoka tu na bado anachelewesha watu. Hakugeuka. Aliandika jina lake, akaandika la baba yake ambaye hakumjua, akaandika la babu yake, yote matatu kwa ukamilifu, herufi zikitoka nje ya nafasi na kuvamia mstari wa mgeni mwingine. Alipofika herufi ya mwisho aliupandisha mkia, polepole, mpaka juu.

Mlinzi alisubiri hadi alipomaliza. Hakumwambia aharakishe.

"Mama!" Binti alimrukia kabla hajavuka lango vizuri. "Wamesemaje? Nimeandikwa?"

"Umeandikwa."

Binti alimkumbatia, akalia begani mwake, akacheka, akafuta machozi kwa bahasha. Njia ya kurudi kwenye nyumba ya wageni ilikuwa ndefu, na mashuka ya mchana yalikuwa yanasubiri. Walipopita kona, binti aliuchukua mkono wa mama yake, akautia kwenye wake.

"Na saini? Mkia uliupandisha?"

"Niliupandisha, mwanangu," alisema, na hakusema wapi.