Nani Anamaliza Maua ya Thornlea

Mtu akihamia kijijini kwetu Suffolk, Uingereza, na kikapu mkononi, mimi simwamini. Jirani yetu mpya, Thirkettle, alihamia na kikapu. Kila asubuhi yumo kwenye msitu wa Thornlea, ameinama, na kila asubuhi maua yetu ya njano yanakutwa yamekatwa vichwa.

Roho iliniuma. Majira ya baridi tulikata mihazeli, ile miti ya kokwa, mpaka kwenye visiki, kama walivyofanya babu zetu, ili jua lifike chini, visiki vichipue na maua yaamke. Wakubwa wa hifadhi walitupa sharti moja: wasipoyaona maua mwezi Mei, ukataji basi. Msitu ungefunga giza na maua yangekwisha kabisa.

Kwa hiyo nilimtangaza Thirkettle dukani, kanisani na baa. Kisha nikamfumania.

"Fungua kikapu, mwizi wee!"

"Karibu uyoga, Bi Edith." Akafungua. Uyoga mtupu.

"Na maua umeyaficha wapi?"

"Muulize paa. Huoni nyayo zake?"

Nyayo zilikuwepo, ndogo ndogo, na machipukizi ya visiki yametafunwa.

"Uongo! Tumezungusha uzio wa matawi ya mihazeli yaliyolundikwa. Paa apite wapi?"

Akanionyesha pengo la kupitisha ndama. Matawi yalikuwa yamechomolewa, yakaburutwa. Nikasema moyoni, ni yeye tu. Nikafuata alama za kuburuta, naye nyuma yangu, nikiomba ziishie kwake. Zikaupita mlango wake. Zikaingia kwangu.

Mume wangu Wilf alikuwa bustanini, anasimamishia njegere zake vijiti vya mhazeli.

"Wewe, umevitoa wapi hivyo?"

"Kwani kuna nini, mama? Si kila mwaka tunaokota msituni? Safari hii hata sikuhangaika, nimevikuta vimelundikwa tayari."

Nilitamani ardhi inimeze.

Wakubwa walipofika, maua yaliyobaki hayakujaza kofia. Mmoja wao akauliza nani kabomoa uzio. Kijiji kizima kikamgeukia Thirkettle. Yeye akanitazama mimi. Ningenyamaza, kosa lingemwangukia yeye.

"Ni mume wangu," nikasema. "Huyu nimemsingizia."

Ukataji ukasimamishwa. Wilf hanisemeshi mpaka leo. Anayenisalimia kila asubuhi ni Thirkettle, na bado sijui anataka nini.