Chipu Zilizolia kwenye Volti Tatu

Mkaguzi alivaa koti jeupe, akaketi na kuvuta trei ya kwanza ya chipu. Zilikuwa zimeshaandikiwa programu ya kulinda joto katika mashine za watoto njiti, na kazi yake ilikuwa kuzihoji kama zinaikumbuka. Kwenye volti tano zote zilikumbuka. Alipozishusha hadi volti tatu, baadhi zilisahau, na zilizosahau zililia kama vichanga. Moja ilikuwa na sauti kavu, tena yenye kwikwi.

Hakuna aliyeshtuka. Fundi wa meza ya pili alijiziba masikio kwa pamba. Msimamizi, waliyemwita Bwana Chapuchapu kwa jinsi alivyopenda mzigo utoke, alikuja na kikombe chake cha chai.

"Dada, unazitesa bure. Zipime kwenye tano, zitanyamaza."

"Umeme wa watu hushuka, bosi, na chipu hushuka nao. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki."

"Methali haijazi lori."

Akazungusha kitufe mwenyewe. Trei ikanyamaza. Mkaguzi alikasirika hasa, lakini hakutaka kibarua chake kiote nyasi. Akagonga muhuri.

Miezi michache baadaye dada yake alijifungua kabla ya wakati. Jioni mkaguzi alimkuta wodini, kando ya mashine mpya iliyomhifadhi mtoto wa kutosha kiganjani.

"Mama mdogo amekuja," dada yake alimwambia mtoto.

Taa zikafifia. Mashine ikaanza kulia kwa sauti kavu, yenye kwikwi. Mtoto mwenyewe hakulia.

"Huwa hivyo umeme ukishuka," muuguzi alisema. Alimtoa mtoto, akamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. "Joto ni wewe sasa, mama. Usilale."

Mkaguzi aliijua sauti ile.

"Si mashine za kwenu hizi?" dada yake aliuliza. "Kwani huwa hamzipimi?"

"Tunazipima," alisema. "Zote zilipita."

Muuguzi alipitisha pamba ya masikio. Mkaguzi akachukua vipande viwili kama wengine.

Asubuhi alirudi kazini. Kitufe kilikuwa kwenye tano, Bwana Chapuchapu amekigandisha kwa gundi. Kule wodini dada yake alikuwa bado amekaa wima, mtoto kifuani, macho mekundu. Mkaguzi alivuta trei ya kwanza. Ilikuwa kimya. Akaipakata, akaibembeleza kidogo, kisha akagonga muhuri.