Mteja wa Pili

Mtaa wetu wa mafundi hapa Sarajevo ni mwembamba. Mzee Šefkija, mshona mito na magodoro, akipiga chafya dukani kwake, mimi ng'ambo namwombea afya. Mimi nafuma viatu vya sufu vya kuvaa nyumbani na kuviuza mwenyewe. Ubavuni mwangu kulikuwa na duka lililofungwa tangu mwenye nalo alipowafuata wanawe Uswidi, na mlango uliofungwa huuchosha mtaa mzima. Kwa hiyo nilifurahi Jumatatu moja nilipomwona Mwalimu Vildana wa chuo cha biashara akilifungua, nyuma yake wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza wamebeba maboksi.

"Bibi Rasema, nimekuletea majirani," alisema. "Wiki hii watauza sabuni waliyopika wenyewe. Darasani wameyajua maneno, sasa nataka wayaone yakitembea. Ijumaa wataniambia biashara yao inaishi kwa kitu gani."

Wa kwanza ni Ajdin, kijana mrefu ambaye mdomo wake haupumziki. Wa pili ni Dželila, binti kutoka mji wa Goražde, mpole. Alipofagia kizingiti chao alifagia na changu, wala hakungoja nimwone.

Jumatatu hawakuuza kitu. Jumanne vilevile. Watu walinusa, wakauliza bei, wakapita. Alasiri niliwapelekea kahawa, nikamkuta Dželila peke yake, anapanga sabuni ambazo zilikuwa zimepangika.

"Bibi, baba anataka jibu Ijumaa," alisema. "Shangazi kanipatia kazi Ujerumani, kutunza wazee. Mimi nilimwambia nataka kusoma, nirudi Goražde nifungue kiwanda changu kidogo. Sasa kama kipande kimoja cha sabuni kinanishinda, nitamwambia nini?"

"Moyo wako unataka kwenda?"

"Hautaki. Lakini moyo haulipi pango, bibi."

Jioni, tulipokuwa tunafunga, nilimweleza Mzee Šefkija shida ya binti, naye akawaeleza wengine. Mtaani kwetu mteja wa kwanza wa siku anaitwa sefte. Huyo ndiye anayekufungulia riziki. Ukishafunguliwa wewe, na jirani yako hajafunguliwa, mteja anayefuata unamwelekeza kwake. Ndivyo tulivyowakuta wazee wetu wakifanya.

Lakini Jumatano tulizidisha. Mwoka mikate, mchonga vijiko, Mzee Šefkija, mimi, kila mmoja wetu aliwaelekeza watu kwenye sabuni, hata kabla ya kufunguliwa yeye. Adhuhuri mama mmoja alisimama mlangoni kwangu, mkoba umejaa, amechoka.

"Bibi, leo nimefukuzwa na mtaa mzima! Nilikuja kununua mto. Huyu mzee ananiambia mito ipo, lakini je, nimeiona sabuni? Wa mikate sabuni, wa vijiko sabuni. Haya, sabuni ninazo. Usiku nitalalia nini?"

Ajdin alikuwa nje, akacheka mpaka akashika ukuta. Dželila hakucheka. Alimshika mama yule mkono, akamvusha mpaka kwa Mzee Šefkija, akasimama pale hadi mto ulipofungwa kamba. Kisha akaja kwangu, macho mekundu.

"Kumbe hatukuuza, bibi. Tumepewa sadaka. Mwalimu akiniuliza wateja wametoka wapi, niseme wametoka kwenye huruma ya majirani?"

Nilimwambia akae, hakukaa. Aliokota kiatu kimoja, akakigeuza.

"Hiki unapangaje bei yake?"

"Sufu kiasi hiki, ngozi ya chini kiasi hiki, halafu naongeza kidogo."

"Na mikono yako?"

"Mikono yangu si hii hapa? Imekwenda wapi?"

"Umeilipa?"

Nilicheka, kisha nikaitazama mikono yangu. Tangu nilipofundishwa kushika sindano na mama mkwe, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Hicho kidogo unachoongeza hakifiki hata kwenye pango," alisema, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. "Ukiumwa wiki moja, duka nalo linaumwa. Faida ni kinachobaki baada ya kulipa kila kitu, na wewe ukiwemo."

Tukakaa tukapanga upya. Pea niliyokuwa nauza marka ishirini, hela ya hapa, ikawa ishirini na nane. Niliogopa kama mwizi.

Alhamisi asubuhi alipita duka kwa duka, akawaomba majirani kwa adabu wasimletee mtu. Akamwambia Ajdin atoe nje beseni la maji ya moto na taulo safi.

"Karibuni mnawe!" Ajdin alianza kupaza sauti. "Kunawa bure! Kaka, mikono hiyo umeazima kwa fundi gereji? Njoo hapa!"

Watu walisimama, wakanawa, wakanusa viganja. Dereva wa tramu alikuwa wa kwanza kununua, kipande kimoja cha kumpelekea mkewe. Nilimwona Dželila akiishika ile sarafu kama kifaranga.

Mara akaja mwanamke mwenye nyumba ya wageni huko mlimani, anataka sabuni za vyumba vyote. Dželila akatazama upande wangu. Bei mpya ilikuwa imewatisha watu, nami nilikuwa sijafunguliwa.

"Sisi leo tumeshafunguliwa," alimwambia. "Bibi jirani bado. Anza kwake, sabuni zako nakuwekea. Wageni wako wanakanyaga sakafu baridi, au siyo?"

"Kweli, wananilalamikia," alisema yule mwanamke, akaja kwangu na kuuliza bei.

Ulimi wangu ulikuwa unakwenda kwenye ishirini. Dželila akakohoa. Nikasema ishirini na nane, na mwanamke akachukua pea nne bila kukunja uso, halafu akarudi kwa sabuni zake.

"We Dželila!" Ajdin alimkoromea. "Unamfukuza mteja mwenye pochi nene vile?"

"Sijamfukuza. Nimemtembeza. Wa jana tulimpa asichotaka, huyu kapata anachohitaji. Huoni tofauti, ewe mnara?"

Ijumaa Mwalimu Vildana aliketi kwenye boksi tupu, akauliza swali lake.

"Inaishi kwa kitu kizuri, kwa bei inayolipa mikono, na kwa mtaa wenye milango wazi," alijibu Dželila. "Jumatano tuliuza sana, mwalimu, lakini naomba uiondoe. Siku ile iliyouza ni huruma ya majirani, si sabuni."

"Mkiiondoa, kinabaki nini?"

"Hela ya kula bureki mbili za nyama," alisema Ajdin. "Ndogo."

"Basi mna faida," mwalimu alisema. "Mimi duka langu la kwanza lilikufa na madeni. Hongereni."

Alipoondoka, Dželila alitoka na simu yake, akasimama katikati ya mtaa. Sote tulijifanya tuna kazi. Mzee Šefkija alipangusa kioo kilichokuwa safi.

"Baba, mwambie shangazi namshukuru sana, ila amtafute mwingine. Mimi nabaki chuoni." Akasikiliza, mkono mdomoni. Nilidhani anagombezwa, nikasogea.

Alipokata simu alikuwa analia na kutabasamu.

"Kasemaje, mwanangu?"

"Anasema wiki nzima hajalala, bibi. Alikuwa anaogopa nitakubali."